Sura ya Sita: Daftari Liko kwa Nani?

Oktoba 2005, watu wasiofika 500 wa Nairobi na Thika walipewa simu za bure na kuombwa wajaribu kitu. Wote walikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi inayokopesha wafanyabiashara wadogo kupitia vikundi. Kikundi hukutana, kila mmoja analeta rejesho lake, na asiyeleta huchangiwa na wenzake papo hapo, tena kwa maneno yasiyo na sukari. Walioleta simu walitaka kuondoa usumbufu huo: mkopo uingie kwa simu, rejesho litoke kwa simu. Vodafone ya Uingereza ndiyo iliyokuwa na mpango, na mtaalamu wake Susie Lonie akaja Kenya kuusimamia. Serikali ya Uingereza ilichangia fedha kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, Safaricom ikatoa mtandao, Commercial Bank of Africa ikatunza pesa zenyewe. Mawakala walikuwa 8. Kitu hicho kiliitwa M-Pesa.

Thika ukiitaja leo, mtu hukumbuka mananasi ya Del Monte, mafuta ya Bidco, moshi wa viwanda. Wachache wanajua kwamba pesa za simu, ambazo Wakenya huzisifia popote waendapo, zilifanyiwa mazoezi hapa miezi mingi kabla ya nchi nzima kuzisikia.

Miezi ile ndiyo huniijia kichwani kila mfanyabiashara anaponiuliza anunue mashine gani. Wateja hawakufanya walichoambiwa. Mmoja alimlipia mwenzake rejesho, wakamalizana wenyewe pembeni. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa mashambani. Wengine waliweka pesa kwa wakala wa mji mmoja, wakapanda gari mfuko ukiwa mtupu, wakazitoa walikofika. Kwao simu ilikuwa kinga dhidi ya wezi wa njiani, mkopo wala haukuwa na haja ya kutajwa. Walioandaa jaribio walikuja kupima mikopo, wakajikuta wanatazama watu wakitumiana pesa.

Faulu nayo ilipata shida ambayo hakuna fundi wa kompyuta angeitabiri. Malipo ya simu hayakuingia moja kwa moja katika mfumo wake wa hesabu, ikawa kazi ya kulinganisha orodha kwa mkono. Hilo lingetengenezwa. Lililokuwa gumu zaidi ni mkutano. Aliyekwisha kulipa kwa simu angekwenda mkutanoni kufanya nini? Na kikundi kisichokutana kinamdhamini nani? Ule mkutano uliokuwa ukionekana ni upotevu wa muda ndio uliokuwa ukilinda mkopo, kwa sababu pale kila mtu alimwona kila mtu. Simu iliondoa foleni, na pamoja na foleni ikaondoa macho.

Safaricom ilipoizindua huduma kwa umma, tarehe 6 Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando. Tangazo lilikuwa moja tu, la kutuma pesa nyumbani.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeitumia methali hiyo kuwahimiza wenye maduka waandike hesabu, na ni vema. Lakini teknolojia inapobadilika upesi, daftari huwa halipotei. Linahama. Linatoka chini ya kaunta kwenda kwenye simu, kutoka kwa makanga kwenda kwa mwenye gari, kutoka kwa mwenye duka kwenda kwa mamlaka ya kodi au kwa kampuni ambayo mwenye duka hajawahi kuiona afisi yake. Kwa hiyo swali ninalomrudishia mfanyabiashara ni hili: kitu hiki kikiingia, nani ataiona pesa ambaye jana hakuiona, na nani aliyekuwa akiiona atapofushwa? Sura hii yote ni swali hilo, na nitalitembeza kwenye barabara moja.

Barabara yenyewe ni ya Thika. Ukitoka Nairobi, ukapita Ruiru, ukapita Juja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, unafika Witeithie kabla ya Thika mjini. Jina ni la Kikuyu, nalo maana yake ni jisaidie, kwa ile maana ya kujitegemea. Ni wadi katika eneo bunge la Juja, na Rais Kibaki alipoifungua barabara kuu mpya mnamo Novemba 2012, sehemu kama hii zilijikuta karibu zaidi na Nairobi kuliko zilivyokuwa jana yake. Nyumba za kupanga zikaota. Mpangaji wa Witeithie anaweza kuwa kibarua wa kiwanda Thika, mwanafunzi wa Juja, au karani anayerauka kwenda Nairobi, na wote watatu wanataka maziwa, mkate na unga saa moja ya usiku, kwa pesa zilizo ndani ya simu.

Tumchukulie mama mwenye duka mtaani humo. Simtaji mtu halisi, ila ukishuka Witeithie utampata kabla hujavuka mtaa wa pili. Zamani alikuwa na madaftari mawili. Moja la wadeni, la kurasa za mistari, lenye majina kama Baba Ciku na Mama Brayo. La pili lilikuwa kichwani: faida. Jioni aliziona noti kwenye kopo, akatoa za kesho za kununulia bidhaa, akatoa za mboga, zilizobaki akaziita faida. Hesabu hiyo si sahihi lakini inaonekana kwa macho. Kopo likiwa jepesi, mama anajua.

Sasa asilimia kubwa ya wateja wanatuma. Mwanzoni walituma kwa nambari yake mwenyewe, ile ile anayopokelea salamu za dada yake, mchango wa chama na pesa za harusi ya binamu. Kopo likawa jepesi kila siku hata biashara ikiwa nzuri, na mama hakuweza tena kujua siku njema na siku mbaya. Mimi naamini biashara ndogo nyingi zaidi ziliumizwa na simu kwa njia hii kuliko kwa njia nyingine yoyote. Hazikukosa teknolojia, zilikosa kopo. Lipa na M-Pesa ilikuja 2013 na nambari ya tili, kisha 2021 ikaja Pochi la Biashara kwa wale wadogo kabisa, mama mboga na mtu wa boda, ili pesa ya biashara ikae mbali na pesa ya mwenyewe. Kwa mtazamo wa mhandisi hayo ni marekebisho madogo. Kwa mama ni kurudishiwa kopo lake.

Ushauri wangu kwake ni mfupi. Pesa ya duka isikanyage simu ya nyumbani hata siku moja, hata mteja akilalamika. Jioni afungue taarifa ya tili na aisome kwa sauti, kama alivyokuwa akihesabu noti, kwa sababu nambari ambayo haisomwi ni sawa na kopo lililofunikwa. Na daftari la wadeni asilitupe. Mara nyingi nimeona duka linanunua kompyuta ya mauzo na kusahau kwamba nusu ya wateja wake ni wa mkopo wa wiki, ambao ile kompyuta haina pa kuwaandika. Baada ya miezi miwili kompyuta inakuwa stuli ya kuwekea trei ya mayai.

Nikija kwenye matatu, hapa nitakaa kidogo, maana sijui mfano bora zaidi katika nchi yetu wa mabadiliko yaliyoletwa kwa nguvu na kwa akili nyingi, yakashindwa, kisha yakaingia yenyewe kupitia dirishani.

Mwaka 2013, Google na benki ya Equity zilileta kadi iitwayo BebaPay. Abiria anaweka pesa kwenye kadi, makanga anaigusisha kwenye simu yake, nauli inakatwa, ujumbe unaingia. Kadi nyingine zikafuata, My 1963 miongoni mwazo. Serikali ikaingia kwa kanuni: kufikia tarehe 1 Julai 2014, nauli za noti na sarafu zingekuwa historia. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikafika tena. Wenye magari waliunga mkono. Benki ziliunga mkono. Google, kampuni inayojua mambo mengi ya dunia hii, ilikuwemo ndani. Machi 2015 BebaPay ilizimwa, na makanga akaendelea kukunja noti kwa urefu katikati ya vidole kama ilivyokuwa tangu enzi za baba yake.

Sababu zilizotajwa ni za kweli. Kadi ya kampuni moja haikusomwa na mashine ya nyingine. Vifaa viliisha chaji. Abiria hakuona faida ya kuweka pesa kwenye kadi wakati noti iko mfukoni, na hakupenda kuambiwa bei moja isiyojadilika. Lakini mimi naona hizo ni sababu za juu juu. Ingia ndani ya gari.

Matatu ya kawaida inaendeshwa kwa tageti. Jioni dereva na makanga humpelekea mwenye gari kiasi walichopatana. Kinachozidi ndicho mshahara wao. Kabla ya kuzidi, kuna mafuta, kuna kijana anayeita abiria stejini, kuna dereva wa skwodi aliyeshika gari wakati mwenyewe anakula, kuna pancha, na kuna kitu kidogo cha yule afisa anayesimama pale anaposimama. Malipo hayo yote ni ya taslimu na ya saa ile ile. Mfumo mzima unapumua kwa sababu mwenye gari haoni idadi kamili ya abiria. Asione, lakini apate tageti yake: hayo ndiyo makubaliano ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Kadi ilikuja na ahadi kwa mwenye gari kwamba sasa ataona kila shilingi. Kwa maneno mengine ilimwambia makanga: kuanzia Julai, kile unacholisha watoto wako kitaonekana, na hatujasema utalipwa nini badala yake. Kisha huyo huyo makanga akapewa mashine na kuambiwa aitunze, aichaji, awashawishi abiria waipende. Sihitaji kuwa mtabiri kueleza kilichozifika betri zile.

Kwa haki, zilikuwepo sauti zilizosema wafanyakazi wa matatu walipwe mshahara wa mwezi, na kanuni zenyewe ziligusia hilo. Ila katika magari mengi kadi ilitangulia na mshahara ukaachwa stejini.

Sasa tazama kilichofuata. Hakuna kanuni iliyosema abiria alipe kwa M-Pesa. Abiria alikuwa na pesa kwenye simu na hana noti, hasa mwisho wa mwezi, akamwambia makanga, "Nikutumie?" Makanga akamtajia nambari yake. Nambari ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, karatasi ikabandikwa juu ya kiti cha dereva. Janga la korona lilipofika 2020 na watu wakaogopa hata kugusana vidole, karatasi hizo zikazidi. Kile ambacho kadi ilikitaka, yaani nauli bila noti, kikawa jambo la kawaida katika barabara ya Thika pasipo uzinduzi wala fulana za bure.

Tofauti iko wapi? Kadi ilipeleka pesa kwa mwenye gari na kumpofusha makanga. M-Pesa ya karatasi ilipeleka pesa kwa makanga na kumwacha mwenye gari gizani kama alivyokuwa. Ilikubali makubaliano ya zamani, ikayaongezea kasi. Baadaye baadhi ya Sacco, yaani vyama vya wenye matatu, zilianza kuweka tili za Sacco ndani ya gari badala ya nambari ya makanga, na hapo ndipo mazungumzo ya mshahara yakabidi yafanyike kwa kweli, gari kwa gari, wakati mwingine kwa ugomvi. Lakini kufikia hapo abiria alikwisha kuzoea simu. Mabadiliko mawili hayakuja siku moja.

Kwa mwenye biashara anayetaka kununua mfumo wa kusimamia wauzaji wake, mfumo wa mafuta wa malori yake, kamera ya ghala lake, somo la kadi ile liko hivi: kabla hujamlipa fundi, kaa chini uandike kile ambacho kila mfanyakazi wako anapata leo kwa sababu huoni. Usikiandike kwa hasira. Karani wa ghala anayepeleka nyumbani mifuko iliyopasuka, dereva anayebeba abiria mmoja njiani, muuzaji anayempunguzia rafiki bei. Ukimaliza, jumlisha. Hicho ndicho kiasi unachotaka kukiondoa katika mshahara wao siku mashine itakapowashwa. Ukiona ni kikubwa, basi gharama ya mashine si ile iliyo kwenye karatasi ya bei. Wapo watakaoniambia ninatetea wizi. Ninachotetea ni hesabu kamili.

Jicho la serikali nalo lina historia yake katika maduka haya. Katikati ya miaka ya 2000, mashine za ETR za kutoa risiti za kodi zilipolazimishwa, wafanyabiashara walifunga maduka na kuandamana. Miaka kama ishirini baadaye imekuja eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliki katika hesabu ya kodi ya mfanyabiashara. Angalia ufundi wa jambo hili, uupende usiupende. Mamlaka ya Mapato haikuhitaji kuweka askari kwenye kila duka. Imemfanya mnunuzi awe askari. Mwenye hoteli ya Thika anayenunua kuku Witeithie ataidai ankara kwa sababu asipoipata, yeye ndiye atakayelipa kodi ya kuku huyo. Kwa hiyo fundi anayedhani mfumo huu ni wa wakubwa atashangaa siku mteja wake mkubwa atakapohamia kwa mwingine bila kugombana naye. Kujisajili kuna usumbufu, na mtandao wa mfumo huo umewahi kuwachosha watu. Lakini ni afadhali usumbufu huo uupate ukiwa bado na mteja.

Na ndipo wengine wanaposema, basi turudi kwenye noti. Kila tetesi kuhusu kodi na tili zinapovuma, utaona bango la tili limegeuzwa uso ukutani. Nawaelewa. Ila kuonekana kuna upande wa pili, ambao ni mkopo. Mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, ya Fuliza Januari 2019, na yote hupima mtu kwa nyayo zake ndani ya simu. Duka lenye mwaka mzima wa mauzo kwenye tili lina kitu cha kumwonyesha mkopeshaji; duka la kopo lina maneno matupu. Anayerudi kwenye noti anaokoa kodi na kulipia wokovu huo siku anapohitaji kujaza rafu mwezi Desemba.

Si kila anayechungulia ni wa heri. Programu za mikopo zilizofurika nchini miaka ya 2010 ziliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, na mdeni akichelewa, simu zikaanza kupigwa kwa mama mkwe na kwa mwajiri. Ilibidi ije Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kisha kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali, ndipo tabia hiyo ikapata wa kuikemea. Aliyebonyeza "kubali" alikuwa amekabidhi daftari la majina ya ukoo wake kwa mtu asiyemjua, ili apate shilingi elfu mbili.

Nimalizie Thika kwenyewe, kwenye karakana. Kenya Vehicle Manufacturers ilianza miaka ya 1970 ikiunganisha magari ya Leyland. Imepitia majina na vipindi vya ukame, na Desemba 2016 ikaanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo mbele ya kamera nyingi. Mwaka 2024 kampuni ya BasiGo ilifungua humo mstari wake wa kuunganisha mabasi ya umeme. Mwenye matatu wa barabara hii anaweza sasa kuletewa basi lisilotumia dizeli, kutoka kiwanda kilicho karibu na kwake.

Watu wengi huuliza kuhusu betri na chaji. Mimi nilivutiwa na namna ya kulipa. Katika mpango wa BasiGo mnunuzi hatoi bei yote ya basi pamoja na betri. Analipa sehemu, halafu betri, umeme na matengenezo analipia kwa kila kilomita basi linapotembea. Msomaji aliyenifuata hadi hapa ataona mara moja kilichohama. Dizeli, ule mto mkubwa wa taslimu uliopita mikononi mwa dereva kila siku, umekauka. Mizunguko ambayo dereva na makanga pekee ndio walioijua sasa inahesabiwa, na anayeihesabu ni muuzaji wa basi, kabla hata ya mwenye gari. Safari hii hata tajiri mwenyewe ana mtu anayemwona.

Mabasi hayo yakitoka karakana kwenda kukabidhiwa Nairobi, njia yao ni hii hii. Yanapita Witeithie yakiwa matupu, bila makanga mlangoni, na mtu aliyesimama stejini hunyoosha mkono kuyasimamisha kwa mazoea.